Boti ya Faiba: Pesa Yako Iende Wapi Ili Matabaka Yasibanduke

Anayeagiza boti ya faiba, iwe ya kuvulia Mafia, ya kubebea wageni Nungwi au ya kuvusha abiria kati ya Mokowe na Lamu, kwa kawaida huulizwa mambo matatu: urefu gani, mashine ya nguvu farasi ngapi, rangi gani. Mambo yanayoamua kama boti hiyo itafanya kazi miaka 5 au 25 hayatajwi: resini ni ya aina gani, nyuzi ni za aina gani, zimepangwa kwa mfuatano upi, na fundi aliacha saa ngapi zipite kati ya tabaka moja na jingine. Bei inakubaliwa, malipo ya awali yanatolewa, na baada ya wiki kadhaa mnunuzi anaikuta boti inang'aa. Kinachong'aa ni gelkoti, koti la nje ambalo unene wake haufiki milimita 1. Chini ya koti hilo kunaweza kuwa na kazi safi au kazi mbovu, na kwa macho zote mbili zinafanana.

Makala haya yanalinganisha chaguo zilizopo na gharama zake kwa kipimo kimoja: matabaka yatashikana kwa muda gani yakipigwa na mawimbi kila siku. Jibu langu naliweka wazi mapema. Kwa boti ya kazi katika bahari yetu, shilingi ya ziada inaleta faida kubwa zaidi ikiwekwa kwenye resini bora ya sehemu ya chini na kwenye muda wa fundi. Ikiwekwa kwenye nyuzi za kaboni, au kwenye unene peke yake, faida yake ni ndogo na wakati mwingine ni hasara tupu.

Boti ya faiba inavyoharibika

Faiba ya boti ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini ikaganda. Nyuzi ndizo zenye nguvu. Uzi wa kioo cha aina ya E, unaotumika katika boti karibu zote za kazi, ukivutwa kwa urefu wake huishinda nondo ya ujenzi mara kadhaa. Lakini nyuzi hizo zimelala bapa, tabaka juu ya tabaka. Kati ya tabaka moja na la pili hakuna uzi unaovuka. Kinachoyashika hapo ni resini peke yake, na resini ni dhaifu kuliko kioo kwa mbali sana.

Kunja kitabu chenye jalada laini uone kurasa zinavyoteleza moja juu ya nyingine. Matabaka ya boti nayo yanataka kuteleza hivyo hivyo kila sakafu yake inapopinda, na resini ndiyo inayoyazuia. Resini ikipasuka kati ya matabaka mawili, ukuta wa milimita 8 unageuka kuwa kuta mbili za milimita 4. Ugumu wa bamba dhidi ya kupinda hufuata kipeo cha tatu cha unene wake: bamba la nusu ya unene lina moja ya nane ya ugumu. Kuta mbili zilizoachana, hata zikiwa pamoja, zinabaki na robo tu ya ugumu wa ukuta mzima. Zinapinda zaidi, ufa unatambaa zaidi, na bado gelkoti inang'aa.

Mwendo ndio unaoanzisha haya yote. Shinikizo la maji kwenye sakafu ya boti inayotua juu ya wimbi hufuata mraba wa kasi. Ukitoka kilomita 20 kwa saa kwenda 40, pigo linaongezeka kama mara nne. Kwa hiyo anayebadilisha mashine ya nguvu farasi 15 akaweka ya 40 juu ya boti ileile amebadilisha pia mzigo ambao sakafu haikujengewa.

Kisha kuna marudio. Mvuvi anayekwenda saa 5 kwa siku, akikutana na wimbi kila baada ya sekunde 4, anapigwa mara 900 kwa saa na mara 4,500 kwa siku. Siku 220 za kazi ni mapigo 990,000, karibu milioni 1 kwa mwaka. Wahandisi wa nyuzi za kioo wana kipimo cha haraka: kila idadi ya mizigo inapoongezeka mara kumi, nguvu inayobaki hupungua kwa takriban asilimia 10 ya nguvu ya mwanzo. Kwa mapigo milioni 1 mazito yanayolingana, inabaki kama asilimia 40. Si kila wimbi ni zito, ndiyo maana boti haifi mwaka wa kwanza. Hata hivyo, msimu wa kusi una mawimbi mazito ya kutosha, na boti iliyojengwa kwa kubahatisha haina akiba ya kupoteza.

Ufa wenyewe hauanzi popote tu. Huanzia kwenye kiputo cha hewa, mahali ambapo nyuzi hazikulowa, kwenye kona kali, pembeni mwa taruma (mbavu za ndani za boti), au palipogonga mwamba. Kutoka hapo hutafuta njia nyepesi, na njia nyepesi ni kati ya matabaka. Chaguo zote zinazofuata zinapimwa kwa hilo: zinaupunguziaje ufa mwanzo, na zinauzuiaje njiani.

Chaguo la kwanza: resini

Bei ya resini hupanda na kushuka pamoja na mafuta ghafi na dola, kwa hiyo nalinganisha kwa uwiano. Tuseme kilo 1 ya resini ya kawaida ni alama 100.

Poliesta ya kawaida, ambayo wauzaji huiita ortho, ndiyo alama 100. Hupatikana kirahisi, huganda haraka na kila fundi anaizoea. Udhaifu wake ni wa namna mbili. Kwanza ni kavu: ikivutwa hukatika baada ya kurefuka kwa takriban asilimia 2, wakati nyuzi za kioo zinaweza kufika zaidi ya asilimia 4. Maana yake ni kwamba resini inapasuka wakati nyuzi bado zina nguvu nyingi. Pili, hupokea maji zaidi ya zile nyingine, na baada ya miaka ndani ya maji huota malengelenge chini ya gelkoti.

Poliesta ya iso huwa kati ya alama 120 na 140. Hurefuka zaidi kidogo kabla ya kukatika na hustahimili maji vizuri zaidi. Kwa boti inayolala majini usiku na mchana, kuongeza alama hizo 30 ni uamuzi rahisi.

Vinilesta ni alama 200 hadi 250. Hapa tofauti ni kubwa. Hurefuka kwa takriban asilimia 5, karibu sawa na nyuzi zenyewe, hivyo resini na nyuzi zinabeba mzigo pamoja hadi mwisho. Kubandua matabaka yaliyoshikwa kwa vinilesta kunahitaji nguvu kubwa zaidi kuliko kwenye poliesta ya kawaida, na maji hayaiingii kirahisi. Fundi anayejua poliesta anaweza kuitumia bila kujifunza upya, kwa kuwa hugandishwa kwa hadena ya namna ileile. Kasoro yake ni muda wa kukaa dukani. Resini hizi zina maisha ya miezi michache tu, na ghala la mabati lenye joto la pwani huyafupisha. Soma tarehe kwenye pipa kabla ya kulipa.

Eposi ni alama 300 hadi 500. Hushika nyuzi kuliko zote na hupungua kidogo sana ikiganda, wakati poliesta hupungua kwa asilimia kadhaa ya ujazo wake na kuacha mvutano kati ya matabaka. Eposi pia ndiyo gundi bora ya matengenezo. Ila ina masharti. Vipimo vya kuchanganya lazima viwe sahihi kabisa, maana hadena yake ni sehemu ya resini yenyewe na kuongeza kidogo hakuharakishi chochote. Huganda taratibu. Tena mati ya kawaida ya kioo imefungwa kwa gundi inayoyeyuka ndani ya poliesta, na gundi hiyo haiyeyuki ndani ya eposi. Fundi anayekwambia atajenga kwa eposi na mati ileile ya dukani anakuuzia resini ghali katika mpangilio usioifaa.

Chaguo la pili: nyuzi na mpangilio wake

Mati ni nyuzi fupi zilizotawanywa kila upande. Ni ya bei ya chini, inajikunja vizuri kwenye kona, na hunywa resini nyingi: kwa uzito, kioo ni asilimia 30 tu. Nguvu yake si kubwa, ila nyuzi zake fupi huingiliana na za tabaka jirani, kwa hiyo ni nzuri ya kushikanisha.

Kitambaa kizito cha kufumwa kina nyuzi ndefu zinazokwenda pande mbili. Kioo hufika asilimia 45 hadi 50, na nguvu ya kuvuta huongezeka sana. Kasoro yake ni kwamba kitambaa juu ya kitambaa hugusana kwenye vilele vya mfumo, na katika mabonde hubaki madimbwi ya resini tupu. Kwa poliesta, vitambaa viwili vilivyolazwa bila mati katikati ndivyo vinavyobanduka kwa urahisi kuliko mpangilio mwingine wowote. Ndiyo maana mafundi wazuri hupishanisha: mati, kitambaa, mati, kitambaa, na kumalizia kwa mati.

Kitambaa cha kushonwa ni nyuzi zilizolazwa sawa bila kupinda, zikafungwa kwa uzi mwembamba. Kwa kuwa hazipandi na kushuka kama zile za kufumwa, hubeba mzigo vizuri zaidi tangu mwanzo. Bei yake kwa kilo ni juu ya mati, lakini unahitaji kilo chache na resini kidogo. Aina inayouzwa ikiwa imeshonwa pamoja na mati nyuma yake ni chaguo zuri sana kwa boti ya abiria, kwa sababu mpangilio sahihi unakuja tayari na fundi hawezi kuruka mati ili kuokoa muda.

Kaboni ina ugumu wa zaidi ya mara tatu ya kioo na bei yake kwa kilo inaweza kuwa mara kumi au zaidi. Je, inazuia kubanduka? Haizuii, kwa kuwa kati ya matabaka bado kuna resini tupu. Bahari imelithibitisha hilo hadharani. Machi 2012, katika mashindano ya Volvo Ocean Race, boti ya kaboni ya Abu Dhabi iitwayo Azzam ilibanduka sehemu ya ubavu wake katika Bahari ya Kusini. Mabaharia wakalazimika kutoboa matundu na kuubana ukuta kwa bolti ili wafike Chile. Ile ilikuwa boti ya gharama kubwa, iliyojengwa na mafundi stadi. Mvuvi au mwenye boti ya watalii hana sababu ya kununua tatizo lilelile kwa bei hiyo.

Aramidi, inayojulikana zaidi kwa jina la Kevlar, haitoboki kirahisi, na boti iliyogonga mwamba inaweza kurudi nyumbani kwa sababu yake. Lakini resini haiishiki vizuri kama inavyoshika kioo, na kuikata na kuisugua ni kazi ngumu. Ikiwa ni lazima, iwekwe kama tabaka moja kwa ndani, kwa vinilesta au eposi.

Chaguo la tatu: ukuta mzima au sandwichi

Ukuta mzima ni faiba kutoka nje hadi ndani. Sandwichi ni ngozi mbili nyembamba za faiba zenye povu gumu au mti mwepesi wa balsa katikati. Kwa uzito uleule, sandwichi ni ngumu zaidi kwa mbali, boti inakuwa nyepesi na mafuta yanapungua.

Lakini sandwichi inaongeza sehemu mbili mpya za kubanduka, kila ngozi inapokutana na kiini chake. Inahitaji kubanwa kwa pampu ya kuvuta hewa ili kiini kikae sawa. Tena kila tundu la bolti linaweza kuingiza maji hadi ndani, na balsa iliyolowa huoza. Kwa boti inayopwelezwa ufukweni kila siku na kuburutwa juu ya mchanga na mawe, sakafu iwe ukuta mzima. Sandwichi inafaa kwa sitaha, paa na kuta za juu. Mwenye boti ya abiria ya kasi anaweza kuichagua hata kwa sakafu, mradi povu liwe la seli zilizofungwa na kazi ifanywe kwa pampu. Bila pampu, usikubali.

Sehemu moja ya kuangaliwa kwa makini ni ubao wa tezi unaobeba mashine. Mara nyingi ni plaiwudi iliyofunikwa faiba. Mashine hutetema na kuvuta hapo saa zote. Plaiwudi iwe ya majini, kingo zote zifunikwe, na kila tundu la bolti lizibwe kwa eposi kabla bolti haijapita. Gharama ya ziada ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya mashine inayoning'inia hapo.

Chaguo la nne: muda wa fundi

Hili ndilo la bei nafuu kuliko yote na ndilo linaloharibiwa zaidi. Poliesta iliyogandia hewani hubaki na unato juu yake. Tabaka jipya likiwekwa ndani ya siku moja hivi, resini mpya na ya zamani huungana kikemia na kuwa kitu kimoja. Zikipita siku nyingi, labda fundi alikwenda kwenye kazi nyingine au mnunuzi alichelewesha malipo, unato huo hupotea. Tabaka jipya linabaki limegandishwa juu tu, kama rangi juu ya ukuta. Dawa yake ni kusugua kwa msasa mkali hadi kioo kichungulie, kupangusa vumbi, ndipo kuendelea. Kazi hiyo ni ya saa chache. Isipofanywa, boti ina mstari wa kubanduka tangu siku ya kuzaliwa.

Kwa hiyo mnunuzi naye ana wajibu. Ukilipa kwa vipande bila ratiba, unamlazimisha fundi asimame katikati ya kazi. Kubalianeni kwamba malipo yatafuata hatua zinazoweza kusimama bila madhara: baada ya sakafu na kuta kukamilika, kisha baada ya mataruma, kisha sitaha.

Mambo mengine ya kazi ni haya. Hadena ya poliesta iwe kati ya asilimia 1 na 2 ya resini, ipimwe, isikadiriwe kwa jicho. Matabaka mazito yasiwekwe yote kwa mara moja, maana joto la kuganda hukusanyika na kupasua resini kabla boti haijaona maji. Mati zitunzwe mahali pakavu. Wakati wa masika, mati iliyovuta unyevu hailowi vizuri na inabaki na viputo. Rola ya chuma ya kutoa hewa ipite kila tabaka. Kona ziviringwe, na matabaka yanapoishia yapishane kwa ngazi ya sentimita 2 hadi 3, yasikatwe yote kwenye mstari mmoja, kwa sababu kila mwisho wa tabaka ni mlango wa ufa.

Hesabu ya sakafu moja

Chukua boti ya kazi ambayo sakafu yake, hadi juu kidogo ya mstari wa maji, ina eneo la mita 20 za mraba. Tabaka moja la mati ya gramu 450 hutoa unene wa karibu milimita 1 na hunywa takriban kilo 1.05 za resini kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya milimita 8 ni matabaka 8: kilo 72 za kioo na kilo 168 za resini. Sasa tupime gharama ya resini peke yake kwa bei ya kilo za poliesta ya kawaida, ili kila msomaji aweke bei ya duka lake.

Poliesta ya kawaida yote: bei ya kilo 168.

Poliesta ya iso yote, kwa alama 130: sawa na bei ya kilo 218.

Vinilesta katika matabaka mawili ya nje, kwa alama 225, na iso katika sita yanayobaki: sawa na bei ya kilo 258.

Vinilesta yote: sawa na bei ya kilo 378.

Tofauti kati ya chaguo la chini kabisa na lile la tatu ni bei ya kilo 90 za resini ya kawaida. Piga simu dukani, uzidishe, kisha linganisha na bei ya mashine utakayoifunga nyuma. Kwa wengi, nyongeza hiyo ni sehemu ndogo ya gharama yote, na inanunua ngao dhidi ya maji pamoja na resini yenye ustahimilivu mahali panapopigwa kwanza.

Sasa linganisha na njia ambayo wengi huichagua: kuongeza matabaka mawili ya poliesta ya kawaida. Hiyo ni kilo 42 za resini na kilo 18 za mati, na boti inaongezeka uzito wa kilo 60 ambazo mashine itazibeba kila safari kwa mafuta yako. Unene huo unaongeza ugumu kweli, na boti iliyo nyembamba mno inauhitaji. Lakini resini kati ya matabaka inabaki ileile kavu, na viputo vya kazi mbovu vinabaki vilevile.

Mbao bado ina nafasi

Mashua ya mbao haipaswi kudharauliwa katika ulinganisho huu. Inahitaji kalafati, mafuta ya sifa na deheni mara kwa mara, na mbao nzuri zimekuwa adimu na ghali. Lakini ugonjwa wake unaonekana. Ubao uliooza unatobolewa kwa kisu, maji yanayovuja yanaonekana, na fundi wa kijijini anabadilisha ubao mmoja. Kwa anayekwenda polepole kwa tanga au mashine ndogo, na mwenye fundi mzuri wa mbao karibu, mbao ni chaguo la haki. Faiba inashinda pale kasi inapohitajika na matunzo ya kila mwezi yanapokuwa mzigo. Sharti lake ni kwamba ubora ulipiwe mwanzoni, kwa sababu ugonjwa wake hujificha.

Kununua iliyotumika

Boti ya mkono wa pili inaweza kuwa nafuu ya kweli au mzigo wa miaka. Ipandishe nchi kavu uikague mchana, na uwe na nyundo ndogo ya plastiki au sarafu nzito. Gonga sakafu nzima kwa mstari, kila sentimita 5. Faiba iliyoshikana hutoa mlio mkali na wa juu. Iliyobanduka hutoa mlio mzito uliokufa. Zungushia chaki kila unaposikia mlio umebadilika, kisha usimame mbali uangalie ramani uliyochora. Mlio hubadilika pia penye taruma na pale kiini cha sandwichi kinapoishia, kwa hiyo linganisha upande wa kulia na wa kushoto.

Tazama ndani pasipopakwa rangi. Faiba nzima huruhusu mwanga kidogo kupita. Mahali palipobanduka hugeuka peupe. Nyufa za gelkoti zinazotawanyika kama nyota ni alama ya pigo. Nyufa zilizojipanga sambamba na taruma zinaonyesha kwamba sakafu inapinda kupita kiasi. Toboa lengelenge moja, ukijikinga macho: maji yanayonuka kama siki yanaonyesha kwamba resini imeanza kuharibiwa na maji. Ukiona boti imekauka juu na bado maji yanadondoka kutoka kwenye ufa siku iliyofuata, maji yameingia kati ya matabaka.

Kwa boti mpya kuna ushahidi mzuri zaidi na hauongezi gharama. Popote fundi anapotoboa tundu la bomba au la bolti kubwa, mwambie akuhifadhie kipande. Pima unene wake, hesabu matabaka, tafuta viputo, jaribu kuyatenganisha kwa patasi. Kipande hicho ni boti yenyewe, hakiwezi kukudanganya.

Tengeneza au uache?

Eneo la ukubwa wa kiganja, lililo mbali na taruma na ubao wa tezi, linatengenezeka kwa gharama ndogo. Kuingiza resini kwa sindano kwenye nafasi iliyobanduka kunaonekana rahisi, lakini kama ndani kuna chumvi, maji au mafuta, resini haitashika chochote. Matengenezo ya kweli ni kusugua hadi kufikia faiba nzima, kwa mteremko wa 12 kwa 1: penye unene wa milimita 6, mteremko uwe milimita 72 kuzunguka pande zote. Osha kwa maji baridi, acha pakauke vizuri, kisha jenga matabaka upya. Tumia eposi, kwa kuwa hushika juu ya poliesta iliyokwisha kuganda. Usifanye kinyume chake. Poliesta haishiki vizuri juu ya eposi, na anayeitumia kufunika matengenezo ya zamani anarudisha mstari wa kubanduka palepale.

Kama milio iliyokufa imetapakaa nusu ya sakafu, au imefuata mataruma upande mzima, hesabu ya matengenezo inakuwa hesabu ya sakafu mpya pamoja na kubomoa ya zamani. Hapo nunua nyingine, au shusha bei hadi thamani ya mashine na vifaa.

Mapendekezo yangu

Mvuvi wa karibu na pwani mwenye mashine ndogo: ukuta mzima, mati na kitambaa vikipishana, poliesta ya iso yote. Fedha ikipungua, punguza nguvu za mashine kabla ya kupunguza resini.

Mvuvi wa bahari ya nje, au mwenye boti ya watalii ya kasi: ukuta mzima, vinilesta katika matabaka mawili ya nje, iso ndani, kitambaa cha kushonwa chenye mati, na tabaka la ziada kwenye theluthi ya mbele ya sakafu, pale boti inapotua. Kwa uwiano wa gharama na uhai, hili ndilo chaguo bora katika orodha hii.

Boti ya abiria: vinilesta yote chini ya mstari wa maji, michoro ya mhandisi inayofuata kiwango cha ISO 12215 cha ujenzi wa vyombo vidogo, na ukaguzi tangu boti ikiwa kwenye kalibu. Usingoje mamlaka ije kuikuta imepakwa rangi. Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC) kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar na Mamlaka ya Bahari ya Kenya zote zinashughulika na usalama wa vyombo vidogo. Waulize mapema wanataka kuona nini.

Kwa wote watatu, andikeni mkataba wenye mistari mitano: jina la resini na tarehe ya pipa, orodha ya matabaka kutoka nje hadi ndani, muda wa juu kati ya matabaka bila kusugua, haki ya kugonga boti kabla ya malipo ya mwisho, na vipande vilivyotobolewa kuwa mali ya mnunuzi. Fundi mwaminifu atafurahia karatasi hiyo, kwa sababu leo analazimika kushindana kwa bei na mtu anayeruka mati na kuongeza hadena ili amalize Ijumaa. Vikundi vya wavuvi na halmashauri zinazoagiza boti nyingi kwa pamoja ndizo zenye nguvu kubwa ya kuidai. Wakiidai katika kila zabuni, kazi mbovu itakosa soko, na wanaokwenda baharini alfajiri watakuwa na sakafu inayostahili kuaminiwa.